Ndugu Mhariri, mlima haujawa rahisi, njia ndo imetengenezwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nitaandika kirefu ila hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na kila nikisoma habari za milima linanirudia. Magazeti yetu, na sisemi lenu peke yake, yanapenda sana kuandika kwamba mlima fulani ni rahisi na ule mwingine ni mgumu, kama vile ugumu ni kitu kilichopimwa mara moja kikaandikwa pembeni ya jina la mlima pamoja na urefu wake. Urefu sawa, unapimika, Kilimanjaro ni mita 5,895 upite Marangu, upite Machame au ubaki nyumbani. Ugumu hauko hivo. Ugumu ambao watu wengi wanatusimulia ni ugumu wa njia waliyopita, njia ambayo kuna watu waliichimba, wakaipanga mawe, wakaiwekea ngazi au kamba, na ukiiondoa hiyo njia kesho asubuhi basi mlima uleule unakuwa kitu kingine kabisa. Kwahiyo ombi langu ni hili, mkiandika kwamba mlima ni rahisi au mgumu, andikeni na njia uliyopandiwa na msimu uliopandiwa. Naeleza kwanini.

Mfano ulionyooka kuliko yote ninayoijua uko Colorado, Marekani, kwenye mlima unaoitwa Longs Peak, mita 4,346. Upande wake wa kaskazini una kipande cha mwamba mtupu, mkali, na mwaka 1925 walitoboa ule mwamba wakaingiza bolti zenye pete wakapitisha nyaya za chuma, mtu anashika waya anapanda zake. Kwa karibu miaka 50 hiyo ilikuwa njia ya watu wa kawaida kabisa. Mwaka 1973 wenye hifadhi wakazitoa nyaya. Mwamba hawakuugusa, hakuna jiwe lililohamishwa, lakini tangu siku ile kipande kile kinahesabiwa kuwa ni cha kupanda kwa kamba na vifaa na mtu wa kukushikia kamba, na wapandaji wengi wanazunguka kwa njia nyingine ndefu ili kukikwepa. Zile bolti za zamani bado zipo, wapandaji wanafungia kamba zao hapohapo. Sasa mtu akiniuliza Longs Peak ni rahisi au ngumu mi namuuliza kwanza, ya mwaka gani? Maana ukimuuliza mtu wa 1972 na mtu wa 1974 wamepanda upande uleule, watakupa majibu mawili tofauti na wote wawili wanasema kweli.

Kuna na Half Dome kule California, bonde la Yosemite. Wataalamu wa jiolojia waliopita pale miaka ya 1860 waliandika kwamba jabali lile halipandiki na mguu wa mtu hautafika juu. Mwaka 1875 akaja mtu anaitwa George Anderson, akatoboa tundu kwenye jiwe, akapigilia chuma, akasimama juu ya hicho chuma akatoboa tundu lingine, hivo hivo mpaka juu. Mwaka 1919 zikawekwa nyaya za kushika pande mbili. Leo hii wanapanda watu ambao hawajawahi kufunga fundo la kamba maishani, na ni wengi mpaka tangu 2010 ikabidi kianzishwe kibali ili kupunguza msongamano kwenye nyaya. Kutoka haipandiki kabisa mpaka kupanga foleni, na jabali halijainama hata kidogo, lina ulalo uleule aliokutana nao Anderson na nyundo yake. Na mvua ikinyesha pale katikati ya nyaya jiwe linateleza vibaya, hilo nyaya hazijalibadilisha.

Hiyo ni mifano ya vyuma, labda mtu ataona ni mambo ya pekee. Lakini hata kinjia cha udongo cha upana wa futi mbili kinabadilisha mlima, na kinabadilisha kwa njia ambazo anayepita juu yake hazioni kwa sababu zimeshafanyika tayari kabla hajafika.

Cha kwanza ni ardhi chini ya mguu. Watafiti wa jeshi la Marekani miaka ya 1970 walipima askari wanaotembea kwenye ardhi za aina mbalimbali, wakatoa viwango ambavyo bado vinatumika. Barabara ngumu wakaipa 1. Vichaka vyepesi 1.2, vichaka vizito 1.5, kinamasi 1.8, mchanga laini 2.1. Maana yake nguvu ya kujisogeza tu kwenye kinamasi ni karibu mara mbili ya barabarani, mtu yuleyule, mzigo uleule, mwendo uleule. Na huo ni upimaji wa kutembea tu, hujaongeza kupanda. Ukitaka kuona kwa macho yako chukua watu wawili wenye nguvu sawa kwenye mteremko wa nyasi za mafundo, mmoja apite kinjiani na mwingine apite hatua tano pembeni yake. Wa kinjiani anatazama mbele, anapiga stori, anakunywa maji huku anatembea. Wa pembeni macho yako chini muda wote, kila hatua anaitafuta kwanza ndo anaikanyaga, mguu unazama katikati ya mafundo ya nyasi, kifundo cha mguu kinapinda kidogo, anainua goti mpaka kiunoni kuvuka kichaka, anashika tawi linang'oka na mizizi yake, anasimama kuvuta pumzi. Baada ya dakika 20 hawaonani tena. Na jioni yule wa pembeni akisema mlima huu ni mgumu, yule wa kinjiani atamshangaa, wakati mlima walioupanda ni mmoja.

Cha pili ni ukali wa mwinuko, na hapa ndo watengenezaji wa njia walipofanya kazi kubwa ambayo hawapewi sifa. Tuseme kuna mteremko wa nyuzi 30 na juu yake ni mita 600 za kupanda. Ukiupanda moja kwa moja unatembea kama kilomita 1 na mita 200, ila kwa ulalo huo wengi wetu tunasimama kila baada ya hatua chache, kisigino hakigusi chini, misuli ya nyuma ya mguu inawaka moto. Ukikata zigizaga yenye ulalo wa nyuzi 10 tu, urefu unakuwa karibu kilomita 3 na nusu. Ni mara tatu hivi ya urefu, lakini mtu anapanda bila kusimama, mguu wote unakaa chini, hata mnyama wa mzigo anapita, mzee anapita na mtoto anapita. Mita 600 ziko palepale, hakuna hata moja iliyopunguzwa, zimegawanywa tu vipande vidogo ambavyo mwili unaviweza. Ndo maana unaweza kukuta milima miwili inalingana urefu, mmoja una njia za zamani zilizopanda moja kwa moja kufuata maji, kama nyingi za mashariki ya Marekani zilizofunguliwa kabla watu hawajaanza kukata zigizaga, na mwingine una njia iliyopimwa kwa ajili ya farasi, na watu wakakwambia wa kwanza ni mgumu sana. Ugumu ule uliamuliwa na mtu mwenye jembe miaka mia na zaidi iliyopita.

Cha tatu ni kutafuta pa kupita, na hiki nadhani ndo kikubwa kuliko vyote japo hakiumi kwenye miguu. Penye njia akili yako imepumzika. Pasipo njia kila baada ya dakika chache unaamua, kushoto au kulia, huu mgongo unafika juu au unakatika kwenye genge, hili korongo lina maporomoko huko ndani au halina, na kila uamuzi mbaya una gharama ya kurudi ulikotoka. Mskoti mmoja, William Naismith, mwaka 1892 alitoa kanuni ambayo wapandaji wanaitumia mpaka leo, saa 1 kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni nzuri sana penye njia. Ipeleke kwenye msitu ambao haujafunguliwa uone kama itakusaidia, mtu anaweza kumaliza asubuhi nzima hajavuka kilomita 2.

Hadi hapo mtu atasema basi njia ni kitu kizuri, inarahisisha, tatizo liko wapi? Tatizo liko kwenye mambo ambayo njia haiwezi kuyagusa, na kwa kuwa imeyaondoa yale mengine yote, haya yaliyobaki hayaonekani mpaka yakufikie.

Nichukue Kilimanjaro maana ndo mlima unaoandikwa zaidi. Njia ya Marangu watu wanaiita rahisi na kwa miguu ni kweli, ni njia pana, imetengenezwa vizuri, ina vibanda vya kulala, mwinuko wake ni wa taratibu. Sasa angalia inakupeleka wapi kila siku. Unaanzia getini chini kidogo ya mita 2,000, usiku wa kwanza unalala Mandara kama mita 2,720, wa pili Horombo kama 3,720, wa tatu Kibo kama 4,720, na usiku huohuo unaamshwa kwenda kileleni. Yaani kila siku unapanda mita 1,000 za kulala. Ushauri wa madaktari wa milima ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 hivi za mahali pa kulala kwa siku moja, na kila baada ya siku 3 au 4 upumzike siku nzima. Ile njia nzuri inakubeba mara mbili ya hapo na huhisi chochote kwa sababu miguu haijachoka! Miguu ingechoka ungesimama mapema ukalala chini zaidi. Mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi, pale kileleni kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata usawa wa bahari, na muda huo hakuna njia ya kuukata kwa jembe. Ndo maana waongozaji wanaojali wanasisitiza siku ya ziada pale Horombo, na ndo maana watu wenye afya, vijana, wakimbiaji, wanageuzwa na kichwa na kutapika wakati miguu yao bado inataka kwenda.

Halafu linganisha na Machame au Lemosho. Hizo kwa miguu ni ngumu zaidi, unapanda unashuka unapanda, kuna siku unapandishwa mpaka Lava Tower kama mita 4,600 halafu unashushwa kulala Barranco ambako ni chini ya mita 4,000, na asubuhi kuna ule ukuta wa Barranco unaupanda kwa mikono na miguu. Mgeni anayeiona kwenye ramani anasema hii ni kutesana, kwanini tupande halafu tushuke. Lakini ndo dawa yenyewe, kupanda juu na kulala chini, mwili unaonjeshwa urefu halafu unarudishwa kupumzika. Kwahiyo njia inayoitwa rahisi inaupa moyo na mapafu kazi kubwa kwa siku chache na njia inayoitwa ngumu inawapa nafasi. Sasa gazeti likiandika kwa mstari mmoja kwamba Marangu ndo rahisi, msomaji anayejiandaa kwenda anaelewa nini? Anaelewa kwamba apunguze siku. Hicho ndo kinachoniuma na ndo sababu kubwa ya barua hii. Na mlima huohuo upande wa Western Breach mawe yaliporomoka Januari 2006 yakaua wapandaji 3 kutoka Marekani, njia ikafungwa kwa muda. Upande mmoja watu wanatembea na fimbo wanaimba, upande mwingine mtu anavaa helmeti anapita haraka alfajiri kabla jua halijalegeza barafu inayoshikilia mawe. Unauitaje mlima huo, rahisi au mgumu?

Hapohapo nigusie na hili la kuwalinganisha watu wa zamani na wa sasa, maana nalo tunalisoma sana, eti zamani wazungu walihangaika miaka, siku hizi hata wanafunzi wanafika. Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu Kilimanjaro 1887 akashindwa kwenye barafu. 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller na kikosi cha wenyeji, akapanga kambi na watu wa kuleta chakula kutoka chini ili asilazimike kushuka, na tarehe 3 Oktoba wakachonga ngazi kwenye barafu kwa shoka, ngazi moja moja, wakafika ukingo wa kreta wamechelewa na wamechoka, wakageuza. Tarehe 6 wakapanda tena, na zile ngazi walizozichonga siku 3 kabla zikawa bado zinafaa, wakaenda kwa haraka zaidi na wakafika kileleni. Hebu ona hapo. Watu walewale, mteremko uleule, wiki ileile, na tofauti kati ya kugeuza na kufika kwa sehemu kubwa ilikuwa ni ngazi zilizokwisha kuchongwa pamoja na kulala karibu zaidi. Hiyo ndo ilikuwa njia ya kwanza ya kufika Uhuru na ilikuwa na umri wa siku 3. Anayepanda leo anakuta barafu imepungua sana na kinjia cha zigizaga kwenye changarawe mpaka Gilman's Point pale ukingoni mwa kreta, kimekanyagwa na maelfu kabla yake. Siwadharau wanafunzi wanaofika, wanapambana na baridi na hewa ileile na wanastahili pongezi zote. Nasema tu hawakupanda kitu kile alichopanda Meyer.

Mlima Kenya unaonyesha hili kwa uwazi zaidi kwa sababu vilele viko jirani. Point Lenana, mita 4,985, ina njia, unapanda kwa kutembea. Batian, mita 5,199, haina njia ya kutembea mpaka leo, ni mwamba na kamba. Tofauti ni mita 214 tu! Mwingereza Mackinder alifika Batian mwaka 1899 na wenzake wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, na baada yao ikapita miaka 30 mpaka 1929 ndo wakafika wengine, Shipton na Wyn-Harris. Kwahiyo mtu akikwambia amepanda Mlima Kenya muulize amefika wapi, siyo kwa kumdharau, ila kwa sababu ni safari mbili tofauti zenye jina moja.

Sasa kuna jambo ambalo linanitia hofu zaidi ya yote niliyoyasema. Njia inaweza kupotea ukiwa juu. Mlima K2, mita 8,611, tarehe 1 Agosti 2008, watu walikuwa wamepanda kwa kamba zilizofungwa kupita sehemu nyembamba inayoitwa Bottleneck, chini ya ukuta wa barafu unaoning'inia. Jioni kipande cha ukuta kikaanguka kikaondoka na kamba. Waliokuwa juu walikuwa wamepanda mlima wenye kamba na sasa wanatakiwa washuke mlima usio na kamba, usiku, wamechoka, hewa hakuna. Baadhi walishuka hivohivo. Hadi mambo yanakwisha watu 11 walikuwa wamekufa, wachache kabla ya hapo na wengi kwenye kushuka. Ujuzi uliotosha mchana haukutosha usiku, na kilichobadilika ni ile njia.

Huko ni mbali na ni mlima wa wachache, najua. Lakini njia inapotea hata kwenye milima midogo tena kila mwaka, inafunikwa tu. Ben Nevis kule Uskoti ina mita 1,345, na ina njia nzuri tangu 1883 iliyojengwa kupeleka farasi wadogo wenye mizigo kwenye kituo cha hali ya hewa kileleni. Kiangazi familia zinapanda. Theluji ikishafunika na ukungu ukishuka, pale juu ni uwanja mweupe usio na mwanzo wala mwisho na pembeni yake kuna magenge, watu wanalazimika kutoka kileleni kwa dira, wanahesabu hatua, mita 150 kwa uelekeo huu halafu wageuze kwa uelekeo ule, wakikosea wanaingia kwenye korongo. Njia ipo palepale chini ya theluji na haimsaidii mtu. Fuji nayo kule Japani, mita 3,776, ina njia nne, ya Fujinomiya inaanzia kama mita 2,400 na ya Gotemba inaanzia kama 1,440, yaani kwa Gotemba unajiongezea karibu kilomita nzima ya kupanda kwenye mlima uleule, na zote zinafunguliwa miezi ya Julai hadi Septemba tu. Baada ya hapo vibanda vinafungwa, upepo unapiga, njia ileile ya foleni inakuwa barafu ngumu ambayo ukiteleza hausimami. Au Mount Washington huko Marekani, mita 1,917 tu, ina njia ya miguu iliyofunguliwa 1819, barabara ya magari ya farasi tangu 1861 na treni tangu 1869, na bado imeua zaidi ya watu mia moja, kwa sababu ni pale ambapo Aprili 1934 ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa. Barabara, treni, mgahawa juu, na upepo haujali hata kimoja.

Na kushuka ndo kubaya zaidi. Hili watu hawalifikirii kabisa. Unapopanda, hata ukipotea njia kidogo, ukiendelea kupanda migongo yote inakusanyika kwenda kileleni, mlima wenyewe unakurekebisha. Unaposhuka ni kinyume, kila hatua migongo inaachana, ukikosea mita 50 tu pale juu utaishia bonde lingine kabisa, upande ambao hakuna kambi wala mtu anayekutafuta. Kwahiyo njia ina thamani kubwa kwenye kushuka kuliko kwenye kupanda, na ni wakati huohuo ambao mtu amechoka, giza linaingia, na anaona kazi imekwisha anaanza kukata kona za zigizaga ili awahi. Zile njia za mkato zinazokatwa kwenye kona ndo zinaua njia. Maji ya mvua yanafuata mkato, yanachimba mfereji, msimu unaofuata mtu mgeni akija kwenye ukungu anakuta vinjia vitano na hajui kipi ni cha kweli.

Nimewahi kusimama kwenye mvua nikimwangalia fundi wa njia na jembe lake. Alikuwa hajengi kitu chochote kipya. Kulikuwa na gogo limelazwa mshazari kukata njia ili maji yatoke pembeni, na nyuma ya gogo udongo ulikuwa umejaa, maji yanaruka juu yake yanaendelea na njia kuteremka. Akaukomba ule udongo mara nne tano, akafungua mdomo wa mfereji kwa upande, na maji yote yakageuka yakaingia majanini, njia chini yake ikaacha kuwa mto palepale tukiiangalia. Akasogea gogo linalofuata. Asingefanya vile, maji yangechukua udongo yakaacha mawe na mizizi, watu wangeanza kupita pembeni kukwepa tope, pembeni nako kukawa tope, njia ya futi mbili ikawa uwanja wa mita kumi, na baada ya misimu michache hapo ndo watu wangeanza kusema mlima huu umekuwa mgumu. Hakuna gazeti nililowahi kusoma lililomhoji mtu kama yule. Kule Everest kuna kikosi kinachoingia kwenye maporomoko ya barafu ya Khumbu kila msimu kabla ya wapandaji, kuweka ngazi na kamba, na kwa kuwa barafu inatembea kila siku kazi yao haiishi, wanarudi kurekebisha mpaka msimu ufungwe. Aprili 2014 barafu iliporomoka kwenye njia hiyo ikaua wafanyakazi 16 wa Nepal, waliokuwa humo kwa kazi ya kuwaandalia wengine safari. Ule urahisi tunaousoma kwenye habari za kileleni una watu nyuma yake, na baadhi yao hawakurudi.

Sitaki nieleweke kwamba napinga njia. Wapo wanaosema ukipita njia iliyotengenezwa hujapanda mlima, mi siwaungi mkono hata kidogo. Bila njia milima ingebaki ya watu wachache wenye nguvu na muda, na mimea ya juu ingekanyagwa kila mahali badala ya mstari mmoja. Kamba nyingine naona zimezidi, nyingine naona zinaokoa, hilo tunaweza kubishana siku nyingine.

Ninachoomba kwenu Ndugu Mhariri ni cha kiofisi tu. Mwandishi akileta habari ya mtu aliyepanda mlima, muulizeni mambo machache kabla hamjaichapa. Alipita njia gani, na ilikuwa na kamba au ngazi au ilikuwa ya kutembea? Mwezi gani, na hali ya hewa ilikuwaje? Alilala usiku ngapi kabla ya kilele na kwa urefu gani? Nani alimfungulia njia na nani alimbebea mzigo? Hata wapandaji wenyewe duniani kote wanapotoa madaraja ya ugumu wanaipa daraja njia, hawaupi mlima, ndo maana mlima mmoja unaweza kuwa na njia ya daraja la kutembea na nyingine ya daraja la kamba. Ni mistari miwili mitatu tu kwenye habari, haitakula nafasi ya matangazo. Na pale mtu anapofariki mlimani msiandike kwamba alikufa kwenye mlima rahisi. Tumelisoma hilo neno mara nyingi mno, na kila nikilisoma nawafikiria ndugu zake wanaolisoma pia, kwamba mtu wao ameshindwa kitu ambacho kila mtu anakiweza, wakati huenda siku ile alikuwa kwenye njia iliyofunikwa na theluji, au alipandishwa mita 1,000 kwa siku na watu waliojua kwamba ni nyingi mno.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mpenda milima